Eksirei safi, mkono bado wauma: nilipie MRI?

Swali: Shikamoo daktari. Napika mahamri Kisauni. Huu mwezi wa pili tangu niteleze nikishuka matatu Kongowea, nikaangukia kiganja. Eksirei ilionyesha hakuna kilichovunjika. Lakini kukuna nazi siwezi, na nikikamua tui mkono unachoma upande wa kidole cha mwisho, mara nyingine unalia "ka". Mama ananichua kwa mafuta. Naambiwa nifanye MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na pesa ni nyingi. Nilipe?

Jibu: Marahaba dada, pole sana. Usilipe bado. Kwanza mkono wako ushikwe na mtu anayeujua.

Eksirei huonyesha mifupa. Gegedu na kano hazionekani humo, kwa hiyo "hakuna kilichovunjika" haina maana kwamba hakuna kilichochanika. Wewe mwenyewe umeshatoa dalili nzito: kukamua tui ni kuuzungusha mkono huku umekaza vidole, na maumivu yako yapo upande wa kidole cha mwisho. Hapo, kati ya ncha ya ulna (mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho) na vijifupa vya kifundo, kuna pedi ya gegedu iliyofungwa kwa kano. Ndiyo ninayoishuku. Daktari atabonyeza kishimo laini kando ya kinundu cha ulna; ukiruka kwa maumivu pale pale, shaka inazidi. Angalia pia kama inauma unapoinuka kitini kwa kujisukuma na viganja. Na lazima daktari akishikeshike kile kinundu, akilinganisha na mkono mwingine, aone kama kinacheza kupita kiasi.

Kisha eksirei irudiwe, safari hii kwa mpango. Picha moja ipigwe kiganja kikiwa kimelala, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90 usawa wa bega, ili tuone kama ulna ni ndefu kuliko mfupa mwenzake wa upande wa kidole gumba na inaigandamiza ile pedi. Nyingine ipigwe umekaza ngumi: pengo la zaidi ya milimita 3 kati ya skafoidi na lunati, vijifupa viwili vya kifundo, hutia shaka kwamba kano baina yao imekatika. Tena, ufa wa skafoidi unaweza kujificha kwenye picha ya siku ya kwanza. Haya yote ni rahisi kuliko MRI, na nasikitika yanavyorukwa.

MRI inafaa pale jibu lake litakapobadilisha matibabu. Kabla ya kulipa, uliza kama wana koili ndogo ya kifundo cha mkono (kifaa kinachowekwa karibu na mkono kunasa picha) na kama mashine ni ya Tesla 3, yaani nguvu ya sumaku yake; ya 1.5 yenye koili nzuri pia inasaidia. Dawa ya kung'arisha ikidungwa ndani ya kiungo, michaniko midogo huonekana vizuri zaidi. Hata hivyo MRI safi haifuti maumivu yako. Kamera ndogo inayoingizwa kwenye kiungo ndiyo hukata shauri. Na watu wengi wenye umri mkubwa wana tundu kwenye pedi hiyo bila kuumwa, basi picha isisomwe peke yake.

Mama aache kuchua na kuuzungusha mkono. Ukingo wa pedi hupata damu na unaweza kupona ukitulizwa kwa banzi linalozuia kuzunguka, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Katikati hakuna damu, hapaponi kirahisi. Nazi akukunie mwingine kwa sasa. Kinundu kikichezacheza au vidole vikifa ganzi, nenda kwa daktari wa mifupa wiki hii, na ubebe ile eksirei ya kwanza yenyewe, si karatasi ya majibu pekee.