Muulize Muuguzi: Mzazi yuko nyumba ya wazee Marekani

Safu hii naiandika nikitoka zamu ya usiku, mnisamehe nikiwa mkavu. Nilianza kwa kuwaogesha wazee nikiwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, sasa nagawa dawa na kufunga vidonda katika zile nyumba za wazee za huku Marekani ambazo Waswahili wenzangu tunaziita nasingi. Maswali ya wiki hii yanatoka kwa watu wenye mzazi au bibi humo, isipokuwa moja la mfanyakazi mwenzangu.

Shikamoo dada. Mama ana miaka 78, ameanguka bafuni akavunjika nyonga, kafanyiwa upasuaji. Hospitali inataka kumhamishia nasingi akafanye mazoezi. Wanasema Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, inalipa siku 100. Zikiisha? – Binti, Worcester

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hizo 100 usizipigie hesabu kama mshahara, ni kikomo tu. Siku 20 za kwanza Medicare ya kawaida inalipa zote. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa anachangia zaidi ya dola 200 kila siku, labda awe na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au bima ya nyongeza. Na hata hizo zinaendelea pale tu mama anapohitaji uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya viungo karibu kila siku. Nimeona watu wakikatiwa wiki ya tatu.

Wakitaka kukata, lazima wakuletee karatasi angalau siku mbili kabla. Kuisaini si kukubali, ni kuonyesha umeipokea. Usiitie kwenye mkoba ukasahau: ndani yake kuna namba ya simu ya rufaa, na unatakiwa kupiga kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla malipo hayajakoma. Rufaa hiyo ni bure. Wakikwambia "mama yako haonyeshi nafuu tena", wajibu kwamba tangu makubaliano ya kesi ya Jimmo mwaka 2013, kutopata nafuu peke yake si sababu ya kukata. Huduma ya kumzuia asirudi nyuma nayo inalipiwa, ilimradi inahitaji mkono wa mtaalamu.

Sasa, jambo moja lifanye leo kabla hajatoka hospitali. Uliza: "Mama amelazwa, au yuko kwenye uangalizi?" Medicare ya kawaida inataka siku tatu mfululizo za kulazwa, na siku ya kuruhusiwa haihesabiwi. Mtu anaweza kukaa siku nne kwenye kitanda kile kile, kavaa gauni lile lile lililo wazi mgongoni, kumbe kwenye kompyuta ameandikwa uangalizi. Familia inakuja kujua bili ya nasingi ikishafika. Kama mama ana Medicare Advantage, ya kampuni binafsi, masharti yao ni tofauti. Wapigie wao wenyewe.

Baba alipata kiharusi, yuko nasingi. Naruhusiwa kumpelekea ugali na samaki? Chakula cha pale hakigusi. – Mtoto wa mwisho, Columbus

Unaruhusiwa, ila umesema baba alipata kiharusi, kwa hiyo kwanza uliza kama amepimwa kumeza na ameandikiwa chakula cha aina gani. Kijana mmoja alimletea baba yake chai ya rangi kwenye chupa, imewekwa tangawizi vizuri kabisa. Mzee akanywa funda mbili, hakupaliwa, hakukohoa, ila sauti yake ikawa kama ya mtu anayeongea na maji kooni. Ile ilikuwa chai inayoingia mapafuni. Kwa wagonjwa wa namna hiyo uji mzito mara nyingi unapita salama kuliko maji matupu, na mchuzi mwepesi ni hatari kuliko samaki aliyetolewa miba na kusagwa. Ugali mgumu unaoganda kooni sahau kwa sasa. Mwombe mtaalamu wa kumeza (huku ni yule yule wa matamshi) aje siku unayoleta chakula, amtazame baba akila cha kwao. Wengi wanakubali, na wakishajua anapenda nini, jikoni nao hupelekewa habari. Bakuli liandike jina na tarehe, la sivyo friji ikisafishwa linatupwa.

Bibi yetu ni mkimbizi, anaongea Kiswahili cha Kongo na Kibembe tu. Kila kitu wananipigia mimi kazini nitafsiri, bosi kachoka na mimi. – Mjukuu, Louisville

Kutafsiri si kazi yako. Nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid inatakiwa kumpatia bibi mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na kanuni za nasingi zinasema mkazi aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Mara nyingi mkalimani ni wa simu, na Kiswahili kinapatikana kwa haraka kuliko Kibembe. Waambie mapema kabisa waandike kwenye faili "Kiswahili cha Kongo", wasiandike Kiswahili tu. Kwa nini nasisitiza? Kuna bibi alisema "roho inaniuma". Mkalimani, mtu wa pwani, akatafsiri kwamba ana huzuni, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya mshauri nasaha. Muuguzi wa zamu iliyofuata aliposikia akamwomba bibi aonyeshe kwa kidole. Kidole kikatua kifuani, upande wa kushoto. Kwa watu wa kwao roho ndiyo moyo.

Wewe baki mjukuu. Fanya kitu kimoja tu: bandika karatasi kubwa juu ya kitanda yenye maneno kama kumi, *maji, choo, maumivu, baridi, nigeuze*, na Kiingereza chake pembeni, yaandike jinsi yanavyotamkwa. CNA wa usiku atakushukuru. Na wakitaka saini ya upasuaji au ya kubadilisha dawa, kataa kuwa mkalimani hata kama una nafasi.

Kisigino cha mama kimekuwa cheusi zaidi na kigumu. Nimeuliza, nimeambiwa "ni ngozi yake tu". Nina wasiwasi. – Dada mkubwa, Minneapolis

Endelea kuwa nao. Vidonda vya kulalia hufundishwa kwa picha za ngozi nyeupe: doa jekundu, ukilibonyeza halipotei. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani. Kinachoonekana ni eneo lililokolea kuliko jirani yake, wakati mwingine kama zambarau, na mkono wako ndio unaojua zaidi: pamoto au pabaridi kuliko pembeni, pagumu kama ndizi mbichi au pamelegea kama iliyoiva sana. Mama akisema panawasha au panauma, hiyo ni dalili hata kama jicho halioni kitu. Kisigino kilichokolea na kugumu kinaweza kuwa kidonda kinachoanzia ndani, karibu na mfupa, na juu bado ngozi ni nzima.

Mwombe muuguzi wa zamu, kwa upole lakini ukiwa umesimama hapo hapo, aguse visigino vyote viwili mbele yako. Kisha omba muuguzi wa vidonda aje apime, apige picha, aandike. Kwa ruhusa ya mama, angalia pia penye mfupa wa mkia juu ya makalio, nyongani na nyuma ya masikio kama anatumia mpira wa oksijeni. Visigino havitakiwi kugusa godoro: mto unawekwa chini ya mashavu ya miguu, visigino vinaning'inia hewani. Mto ukiwekwa chini ya kisigino chenyewe, ni bure. Kugeuzwa kila saa mbili ndiyo desturi, lakini mtu aliyekonda asiyekula protini hata hiyo haimtoshi, kwa hiyo mtaalamu wa lishe naye aitwe.

Halafu omba kikao cha mpango wa huduma. Kila mkazi anao: wa awali ndani ya saa 48 tangu aingie, tathmini kamili ndani ya siku 14, mpango kamili ndani ya siku 7 baada ya tathmini, na unapitiwa upya angalau kila miezi mitatu. Hali ikibadilika hamsubiri miezi mitatu. Familia nyingi zetu hualikwa kwa barua na haziendi, zinadhani ni mkutano wa wakubwa. Nendeni, hata kwa simu. Neno "visigino hewani" likishaandikwa kwenye ule mpango, CNA analiona kwenye kazi zake za zamu. Lisipoandikwa limebaki maneno ya mtoto wa mgonjwa. Wakikupuuza, kila jimbo lina ombudsman wa nyumba za wazee, yaani mtetezi wa wakazi, namba yake inatakiwa kubandikwa mahali panapoonekana. Hamlipi kitu, na mama hatakiwi kufukuzwa kwa sababu mmelalamika.

Baba anahitaji kukaa moja kwa moja na tunaomba Medicaid. Ana nyumba Kigamboni. Wataijua? – Wa Maryland

Swali baya, ndugu yangu. Fomu ile inajazwa kwa kiapo, na mali ya nje ni mali. Nafuu inayotolewa kwa nyumba ni kwa ile mtu anayoishi. Tena majimbo karibu yote hutazama nyuma miezi 60: fedha alizogawa bila kupata kitu zinaweza kumcheleweshea Medicaid. Ada za wajukuu, michango ya harusi, hela za matofali, zote wanaweza kuziuliza. Kusanyeni risiti za kutuma pesa, kisha muoneni wakili wa mambo ya wazee *kabla* ya kuhamisha hati kwa jina la shangazi. Jambo jingine la kujiandaa nalo: akishapata Medicaid, karibu pensheni yake yote inakwenda kwa nasingi, anabakiziwa posho ambayo kiwango cha chini cha serikali kuu ni dola 30 kwa mwezi. Majimbo mengine huongeza. Dola 30 ni kunyoa mara moja na kuzugazuga.

Mimi ni CNA. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau hataki kuoga, ananipiga na kunitukana matusi ya rangi. Nifanyeje? – Houston

Pole sana mdogo wangu. Kukataa kuoga ni haki yake, na ukimvuta mkono kwa nguvu hiyo inaitwa unyanyasaji, cheti kinaweza kupotea. Ondoka, rudi baada ya dakika 20, ikiwezekana na mwenzako mwenye sura nyingine. Pasha bafu joto kwanza. Mfunike taulo, fungua sehemu moja tu unayoosha, anza na miguu, uso uwe wa mwisho. Wengi hawapigani na maji, wanapigana na baridi na aibu. Akikataa kabisa, mfute kitandani kwa taulo la moto, andika. Matusi andika pia, na umwambie msimamizi: ugonjwa unaeleza kwa nini anayasema, hauwaruhusu wao wakuache nayo peke yako kila zamu. Atakayesema mzee apewe kidonge cha kumtuliza, zile dawa za magonjwa ya akili, mkumbushe kwamba FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, tangu 2005 imeweka onyo kali kwenye dawa hizo, kwa kuwa zinaongeza vifo kwa wazee wenye maradhi ya kusahau.

Ndugu wa Tanga wanasema tumemtupa mama. – Sisi watatu, Dallas

Anayesema sana ni shangazi, sivyo? Mpigieni video saa ya chakula cha jioni, mmoja wenu akiwa pale anamlisha mama. Simu iegemezeni kwenye jagi, aone sahani, aone mama alivyosukwa, asalimiane na yule CNA Mkenya. Fanyeni hivyo Jumanne, halafu Alhamisi, halafu Jumapili asubuhi bila kumwambia mtu. Nyie wenyewe mtajua mengi kuhusu ile nyumba kwa kufika saa wasizowategemea, na shangazi atakuwa na la kusimulia.