Povu linalodumu: kwa wanaoanza kunyolea brashi na sabuni

Mwezi wangu wa kwanza wa kunyolea brashi na sabuni nilikuwa napaka povu mara nne kwa kidevu kimoja. Nikimaliza shavu la kulia, la kushoto limeshakauka, limebaki na madoa meupe kama mate ya mtoto. Nikailaumu sabuni, nikanunua nyingine. Yaleyale. Kosa lilikuwa mkononi mwangu, na sehemu yake ilikuwa kisimani.

Karibu kila anayeanza huchukua sabuni kidogo mno. Anapitisha brashi mara tano sita, anaona kumechanuka, anapaka usoni. Yale si povu la kunyolea, ni mapovu: hewa iliyovishwa utando mwembamba wa sabuni, na hupasuka kabla hujashika wembe. Kung'uta brashi kwanza, ibaki na unyevu tu, kisha izungushe juu ya sabuni si chini ya nusu dakika. Mimi sitazami saa, naitazama brashi. Mwanzoni itajaa mapovu makubwa, usidanganyike, endelea. Taratibu yatapotea, sauti ya majimaji itanyamaza, na kwenye nywele za brashi kutabaki kitu kizito kama dawa ya meno. Hapo sasa una sabuni.

Maji yanafuata, tena kwa matone. Hamishia brashi kwenye bakuli tupu, chovya ncha za vidole majini, dondoshea humo, zungusha sekunde kumi au kumi na tano, ndipo uongeze tena. Mtu akimimina kijiko kizima kwa pamoja anaharibu kazi yote. Povu likiwa zito, halina mng'aro na linavuta brashi, linataka maji. Likichuruzika shingoni na kuonyesha vitundu, umezidisha. Kuzungusha kwa nguvu hakutaliokoa, rudi kwenye sabuni. Lililoiva linang'aa kama mtindi mzito, na ukiinua brashi ncha ya povu inainama bila kuanguka.

Nina kipimo changu. Nabandika kiasi cha kijiko kimoja ukingoni mwa bakuli, nanyoa. Nikirudi baada ya dakika tano nikalikuta limesinyaa au limejaa matundu, najua siku hiyo nilikuwa na haraka.

Sasa kisima. Mimi naishi Unguja, na hapa maji ya visima vingi yanapita kwenye jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa tupu. Ndiyo yale maji yasiyokubali sabuni, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kalsiamu na magnesiamu iliyomo huidaka sabuni na kuigeuza utando usioyeyuka. Kwa hiyo sabuni yako ya mwanzo yote inaishia kupambana na maji, povu linangoja zamu yake. Dawa ya kwanza ni kuongeza sabuni. Ya pili ni kuchemsha maji, kuyaacha yatulie na kuyachota ya juu. Ugumu hauishi wote, ila unapungua. Masika mimi nakinga mvua, kwa sababu kunyoa hakuhitaji zaidi ya kikombe kimoja, na siku ya kwanza nilipotumia maji ya mvua brashi ileile na sabuni ileile zilitoa povu hadi nikacheka peke yangu. Ila usijaribu maji ya betri ya gereji kwa kudhani nayo ni laini kama ya mvua. Mengine yana tindikali.

Maji ya moto sana nayo hayafai. Povu lake hukatika upesi na ngozi hukauka. Ya uvuguvugu yanatosha, na kwa joto letu hata ya bomba.

Sabuni ya kuogea? Inanyoa, lakini yenye mafuta ya nazi mengi huvimba haraka na kuzimika haraka. Sabuni ya kunyolea hutengenezwa kwa asidi ya steariki kwa wingi, inayotoa vipovu vidogo vilivyoshikana. Potasiamu huilainisha ikolee upesi kwenye brashi, na glisirini huzuia unyevu usitoroke. Tafuta majina hayo kwenye lebo kabla ya kusikiliza sifa za harufu.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia usipouliza: brashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe, na sabuni nyingi za zamani zina shahamu ya mnyama. Kama linakuhusu, uliza. Brashi ya sintetiki, yaani ya nyuzi za kiwandani, inafanya kazi vizuri sana, tena haihitaji kulowekwa, wakati ya nywele za nguruwe inataka dakika chache majini ilainike. Sintetiki hainywi maji sana, kwa hiyo ikung'ute zaidi mwanzoni.

Na kabla hujapaka, zima feni. Nilihangaika wiki mbili na povu linalokauka upande mmoja tu wa uso kabla sijainua macho darini.