Baba mdogo, Rais wa Ujerumani hashiki funguo za hazina

Baba mdogo, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema Rais Steinmeier alikuja kwetu Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya Majimaji, na mimi nipo huku mwaka wa tisa, basi nimwandikie atoe fidia, na papo hapo anisukumie kibali changu cha kuishi. Nakujibu bila kuficha, maana naona nyumbani mnadhani nimezembea.

Rais wa huku si kama tuliomzoea sisi. Wananchi hawampigii kura. Anachaguliwa na mkutano wa wabunge wote wa Bundestag, yaani bunge la huku, na wajumbe idadi ileile kutoka majimboni, kwa miaka 5, na anaweza kuongezewa kipindi kimoja tu mfululizo. Serikali anaiongoza Kansela. Amri za Rais, isipokuwa chache, hazina nguvu mpaka Kansela au waziri atie saini pia. Fedha za fidia zinapitishwa na bunge. Hata angetaka kwa moyo wote, hana senti ya kutoa.

Walimfunga mikono kwa kusudi. Chini ya katiba ya 1919, ibara ya 48 ilimruhusu rais kutawala kwa amri za dharura. Mwaka 1933 Hindenburg, rais wa wakati huo, akamteua Hitler kuwa Kansela, na wiki chache baadaye akasaini amri iliyofuta haki za raia. Walioandika Katiba ya 1949 walikuwa wameyaona yote hayo kwa macho yao.

Lakini si pambo. Mwaka 2006 Rais Horst Köhler alikataa kusaini sheria mbili, mojawapo ya kubinafsisha uongozaji wa ndege, kwa kuwa aliona zinakiuka Katiba. Na Desemba 2024, Kansela Scholz alipokosa kura ya imani, Steinmeier ndiye aliyelivunja bunge. Asingeweza kulivunja kwa utashi wake tu.

Kilichobaki kwake ni neno, na neno lile la tarehe 1 Novemba 2023 usilidharau. Nililitazama kwenye simu, kwenye kituo cha wazee ninakofanya kazi, nikalia. Mkuu wa nchi iliyomnyonga Nkosi Songea Mbano, chifu wetu wa Wangoni, mwaka 1906 alisimama mbele ya wajukuu zake, akasema anaona aibu. Bibi mmoja ninayemhudumia aliniuliza nina nini. Majimaji hakuwahi kuisikia maishani. Nilikaa kitandani pake nikamsimulia mpaka chakula kikapoa.

Kuhusu kibali, huku hakuna mkubwa wa kupigiwa simu. Nilisubiri miezi saba, karatasi juu ya karatasi, na mazishi ya bibi yangu huko nyumbani yakanipita kwa sababu nikitoka nisingeweza kurudi. Bado inaniuma. Lakini Rais mwenyewe hana mamlaka ya kumwamuru karani wa vibali.

Kwa hiyo barua nimemwandikia mbunge wa hapa ninapoishi, kwa sababu yeye ndiye anayepiga kura ya bajeti, na maneno ya Rais wake nimeyaweka juu kabisa. Naomba yale majina ya wazee walionyongwa pamoja na Nkosi, aliyokuwa akiyataja babu jioni. Yaandike kwenye karatasi, upige picha, unitumie. Yataingia kwenye barua ya pili.