Ukitaka kuitetea Antaktika, anza na Ibara ya 25

Kila ninapofundisha sheria ya mazingira, hakosekani mwanafunzi wa kuinua mkono na kusema kwamba marufuku ya kuchimba madini Antaktika itakwisha mwaka 2048. Si kweli, na ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kulitetea bara lile ni kuacha kuueneza uvumi huo, maana unawafaa zaidi wale wanaongojea mlango ufunguliwe.

Chukua Itifaki ya Madrid, nyongeza ya Mkataba wa Antaktika inayohusu ulinzi wa mazingira, iliyotiwa saini Oktoba 4, 1991 na kuanza kutumika Januari 14, 1998. Ibara ya 7 ni sentensi moja tu: shughuli yoyote inayohusu rasilimali za madini, isipokuwa utafiti wa kisayansi, ni marufuku. Haikuwekewa kikomo. Wasomaji wengi huishia hapo, lakini mimi huwahimiza wafunue hadi Ibara ya 25, kwani uimara wa mkataba hauonekani katika ukali wa maneno yake bali katika ugumu wa kuubadilisha. Hadi 2048, badiliko lolote linahitaji ridhaa ya nchi zote zenye haki ya kupiga kura chini ya Mkataba wa Antaktika wa 1959. Baada ya hapo nchi yoyote kati ya hizo itaweza kuomba mkutano wa mapitio. Hata hivyo marekebisho hayataanza kutumika mpaka yaridhiwe na robo tatu ya nchi hizo, zikiwemo zote 26 zilizokuwa na haki hiyo Itifaki ilipopitishwa, wala marufuku haiondolewi kabla ya kuwapo utaratibu mwingine wa kisheria unaosimamia madini. Upenyo upo, na usifichwe: marekebisho yaliyopitishwa yakikwama kwa miaka mitatu, nchi inaweza kutoa taarifa ya kujitoa.

Msidhani kwamba mambo haya huamuliwa na mataifa makubwa peke yao. Mwaka 1988, mjini Wellington, ulipitishwa mkataba ambao ungeruhusu uchimbaji chini ya masharti. Mwaka uliofuata meli ya Argentina, Bahía Paraíso, ilikwama na kumwaga mafuta kwenye Rasi ya Antaktika. Miezi michache baadaye Australia ya waziri mkuu Bob Hawke na Ufaransa ya waziri mkuu Michel Rocard zikakataa kuuridhia, ukafia mezani.

Kwa hiyo ukiiandikia serikali yako, usiombe tamko la kuipenda barafu. Matamko ni rahisi mno. Mkataba huzifunga nchi, ilhali kampuni hubanwa na sheria ya nyumbani kwao, kama Uingereza ilivyofanya kwa Sheria yake ya Antaktika ya 1994. Ukijibiwa kwamba nchi yako imeridhia Itifaki, uliza ni kifungu gani kinachomwadhibu raia au kampuni itakayokwenda kuchimba, na adhabu yenyewe ni ipi.