Jibu: Kabla ya kununua programu ya kukagua data, hesabu kwanza

Mkuu, umeuliza ununue programu gani ya profailingi (kukagua data ina nini ndani na ina kasoro gani) ili ujue kama jedwali la wateja mlilorithi linafaa kutolea ripoti ya mauzo. Programu iache kwanza. SQL ya kawaida, lugha ya kuuliza maswali hifadhidata, inatosha kuanzia.

Jedwali lililonitia adabu lilikuwa na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Bosi alitaka kujua nafasi tupu ni ngapi, nikamjibu hakuna hata moja. Tukafurahi. Baadaye nikapanga tarehe kwa wingi wa kujirudia, na iliyokaa juu kabisa ilikuwa 01/01/1970. Maelfu ya wateja wamezaliwa siku moja! Kumbe ndiyo siku ambayo mifumo mingi ya kompyuta huanzia kuhesabu muda. Mtu akiruka swali, mfumo uliandika sifuri, na sifuri ikasomeka kama tarehe.

Tangu hapo, kila safu naanza na thamani kumi zinazojirudia zaidi, halafu ya chini kabisa na ya juu kabisa. Huko ndiko utakutana na vijazio visivyo data halisi: 9999-12-31, simu 0000000000 na mteja anayeitwa "test".

Kwenye simu, geuza kila tarakimu iwe 9 na kila herufi iwe A, kisha hesabu miundo unayopata. Zilizopungua tarakimu moja mara nyingi zimepitia Excel, ambayo ikidhani simu ni namba ya hesabu hula sifuri ya mwanzo. Namba ya akaunti yenye tarakimu zaidi ya 15 ikiishia na sifuri, mshukiwa ni yuleyule.

Namba ya mteja nayo: linganisha idadi ya rekodi na idadi ya namba zisizojirudia. Zikitofautiana, usiunganishe na jedwali la mauzo bado, maana kila nakala itahesabu mauzo yaleyale upya.

Ila hesabu hizi zinaonyesha umbo tu. Tarehe 14/03/1985 inaweza kuwa safi kabisa na bado ikawa ya mtu mwingine. Tena, kinachoonekana uchafu huenda kina mwenyewe. Niliwahi kukuta simu za mkononi zimejaa safu ya faksi, nikaandaa amri ya kufuta. Bahati nzuri nilimuuliza kwanza dada anayeingiza data. "Hiyo ni simu ya pili ya mteja," akasema, "fomu haina pa kuiweka."

Jaribu safu mbili tatu, ulete matokeo hapa tuyaangalie. Majina na simu za wateja ufiche.