Jibu: Kukubali na kupinga kwa Kiingereza

Umeuliza kwa nini ukijibu "yes" watu wanakuelewa kinyume, na namna ya kupinga bila kuonekana mkorofi.

Shida ya kwanza ni maswali ya kukanusha. Mtu akikuuliza "You don't like it?" na kweli hukipendi kitu hicho, Kiswahili kinakusukuma useme ndiyo, maana unakubaliana na alichosema. Kiingereza hakijali hilo, kinatazama kitenzi cha jibu lako. Hupendi? "No, I don't." Unapenda? "Yes, I do." Mimi hadi leo nikichoka nateleza hapo, kwa hiyo usiishie kwenye "yes" au "no" tupu. Malizia na kitenzi kisaidizi, kama "do" au "don't" hapo juu, utata unaisha.

Vilevile akisema "I don't smoke" nawe huvuti, usiseme "me too". Ni "me neither" au "neither do I".

Kwenye kupinga, "You're wrong" ni kali mno. Anza na "I'm not so sure" au "I see your point, but..." Ila "with all due respect" itumie kwa tahadhari: inataja heshima, lakini mara nyingi husikika kama kejeli.

Halafu ni "I agree", si "I am agree". "Agree" tayari ni kitenzi.