Tochi ya kukagulia noti haitoshi kusafisha maji

Mkuu wa Buzuruga, umeuliza kama ile tochi ya zambarau unayokagulia noti dukani unaweza kuimulika kwenye ndoo ya maji ya kisima ikaua vijidudu. Usijaribu. Mimi nilikuwa wakala wa pesa, sasa nina kibanda cha kujaza maji ya kunywa hapa Igoma, Mwanza. Taa zote mbili, ya noti na ya kuua vijidudu vya maji, nimezitumia, na moja imenichoma macho.

Tochi yako inatoa UV (miale ya urujuanimno) yenye mawimbi marefu, urefu wa nanomita 365 hadi 395, jirani kabisa na mwanga tunaouona. Kazi yake ni kuwasha dawa zinazong'aa. Karatasi ya kawaida imetiwa dawa ya weupe, ukiimulika inawaka bluu. Noti halisi haina dawa hiyo, inabaki giza na kuwaka zile alama zake tu. Lakini nayo inadanganya. Kuna mama muuza dagaa nilimkatalia elfu kumi yake kwa sababu iliwaka yote. Kumbe aliisahau kwenye fundo la kanga ikafuliwa, na sabuni ya unga nyingi zina dawa ileile ya weupe! Alinisema mpaka majirani wakatoka nje. Tangu siku hiyo noti naipapasa kwanza, taa baadaye.

Taa ya maji ni kitu kingine. Ile niliyonayo ni ya mvuke wa zebaki, nanomita 254, na miale yake inaharibu vinasaba vya bakteria wasiweze kuzaliana. Imekaa ndani ya mrija wa kwatzi kwa sababu kioo cha dirisha kingeizuia miale hiyo isitoke.

Hapo ndipo nilipoponzwa. Taa ilikuwa inawaka bluu safi, nikajua kila kitu kiko sawa. Fundi alipofungua, mrija umefunikwa na ute wa kahawia, huwezi kuona upande wa pili. Ile bluu unayoiona siyo inayofanya kazi, mkuu; inayofanya kazi haionekani. Taa yenyewe pia huchoka huku ikiendelea kuwaka. Nyingi hupewa muda wa saa 9000 hivi, yaani mwaka mmoja ikiwaka usiku na mchana. Nimeandika tarehe ya kubadilisha kwa maka peni kwenye tanki. Na maji yapite kwenye chujio kabla ya taa, maana kwenye tope au ule ukijani wa ziwa vijidudu vinajificha kivulini.

Macho nayo niliyachoma kwa umbea wangu: nilitoa mfuniko taa ikiwa inawaka nione "inavyofanya". Sikuhisi chochote. Saa nne usiku nikawa kama nimemwagiwa mchanga machoni, vilevile wanavyolia vijana wa kuchomelea mageti wakifanya kazi bila kioo. Siku mbili nilikaa chumbani nimefunga pazia.

Kama hela ya mtambo haipo, jua la Mwanza ni la bure. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, jaza, ilaze juu ya bati kwa muda wa saa sita kwenye jua kali. Kukiwa na mawingu mengi iache siku mbili; mvua ikishinda inanyesha, chemsha tu. Chupa za kijani achana nazo. Na kunywa kutoka chupa hiyohiyo, kwa sababu UV haibaki kwenye maji kama klorini. Ukiyamimina kwenye ndoo chafu umerudi ulikotoka.

Kabla hujanunua chochote, simamisha chupa yenye maji ya kisima chako juu ya gazeti, uchungulie kupitia mdomoni. Kama vichwa vya habari havisomeki, anza na chujio, halafu urudi hapa tuongee habari za taa.